UZI: Lori, dumu na meli za kuchomelea: vifaa vilivyoipa Marekani ushindi Vita vya Pili vya Dunia

Fundi Gereji

Wakuu, kila mada ya Vita vya Pili ikiguswa, mjadala hukimbilia bomu la atomiki, vifaru na ndege za kivita. Naomba uzi huu uangalie vitu vilivyofanya kazi nyuma ya hivyo. Jenerali Eisenhower, vita vilipokwisha, alitaja vifaa vinne ambavyo makamanda waliviona vya lazima kwa ushindi wa Afrika Kaskazini na Ulaya: katapila, Jeep, lori la tani mbili na nusu, na ndege ya mizigo ya C-47. Hakuna hata kimoja kilichoundwa kwa ajili ya kupigana.

Hoja yangu ni kwamba Marekani ilishinda kwa kubeba. Kifaru cha Tiger cha Wajerumani kilikuwa na mzinga mkubwa na chuma kinene kuliko Sherman, kifaru cha Marekani, hilo sibishani nalo. Lakini kifaru kisichofikiwa na petroli, risasi na spea ni chuma tu kando ya barabara.

Nianze na lori lenyewe, GMC CCKW. Yalitoka kiwandani zaidi ya 500,000. Injini ya petroli, silinda sita mstari mmoja, lita 4.4, nguvu farasi 91 hivi, nayo ilitokana na injini za malori ya kiraia ya kampuni hiyohiyo. Gia tano za mbele, kisha gia boksi ya pili yenye mwendo mzito na mwepesi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi kumi chini: mbili mbele, nane nyuma. Mzigo wa kitabuni ni tani mbili na nusu kwenye njia mbovu. Kwenye barabara nzuri waliruhusiwa kubeba hadi maradufu.

Udhaifu wake ulikuwepo. Ekseli zilikuwa za aina mbili, moja ya nyumba inayofunguka katikati, nyingine ya nyumba nzima ambayo difu hutolewa kwa mbele. Spea zake haziingiliani. Depo ikituma difu bila kuuliza aina ya ekseli, lori linabaki juu ya mawe huku spea mpya ikiwa kwenye sanduku pembeni.

Mpiga Kasia

Mkuu, Wajerumani nao si walikuwa na malori? Opel Blitz ilisifika.

Fundi Gereji

Opel Blitz ilikuwa gari nzuri, mkuu, ila ilikuwa moja kati ya aina nyingi mno. Jeshi la Ujerumani liliingia Urusi mwaka 1941 na magari ya kila namna, yakiwemo ya kiraia na ya kutekwa Ufaransa, pamoja na farasi wapatao 600,000 wa kukokota mizinga na mikokoteni. Kila aina ya gari inataka filta yake, springi zake, kabureta yake. Fundi aliye uwanjani hawezi kuchukua spea ya gari bovu akafunga kwenye lingine. Kwa Wamarekani, malori matatu yaliyokufa kwa sababu tofauti yalitoa mawili mazima kabla ya jua kuzama.

Sasa tuangalie mtihani halisi wa malori haya. Agosti 1944 majeshi yalipovunja ngome za Normandy na kukimbilia mpaka wa Ujerumani, reli za Ufaransa zilikuwa zimeharibiwa na mabomu ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) wenyewe, na bandari zilizofanya kazi zilikuwa nyuma sana. Divisheni moja ilihitaji karibu tani 700 kwa siku. Ndipo ikaanzishwa njia ya Red Ball, kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, kutoka Saint-Lô kwenda Chartres na baadaye mbele zaidi. Walichagua barabara mbili sambamba: ya kaskazini kwenda na mzigo, ya kusini kurudi tupu. Raia hawakuruhusiwa kuingia. Msafara usiwe na magari chini ya matano, nafasi ya mita 55 hivi kati ya gari na gari, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, mapumziko ya dakika kumi kila saa. Kilele chake kilikuwa karibu magari 6,000, na siku moja ya mwisho wa Agosti walipeleka zaidi ya tani 12,000. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi ambalo bado liliwatenga kwa rangi. Hili litajwe kila mara Red Ball inapotajwa.

Kilichoharibika ni kile ambacho fundi yeyote angekitabiri. Madereva walichokonoa kifaa cha kuzuia mwendo ili wakimbie. Mzigo ukazidishwa, springi zikakatika, injini zikachemka. Betri zikakauka maji kwa kuwa hakuna aliyesimama kuzikagua. Tairi ndizo zilizoumia zaidi, kwa joto, kwa uzito, na kwa makopo ya chakula yaliyotupwa barabarani na askari na kupasua mipira. Malori 6,000 ya tairi kumi ni tairi 60,000 zinazosagika kwa pamoja, ukiacha za akiba. Na malori yenyewe yaliteketeza sehemu ya petroli waliyokuwa wakiipeleka. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo safari ilivyokula mzigo. Dawa ya kweli ilikuwa bandari ya Antwerp, iliyotekwa mapema Septemba lakini ikapokea meli za mizigo mwishoni mwa Novemba, kwa sababu Wajerumani waliendelea kushikilia kingo za mto Scheldt unaoingia bandarini.

Mwana wa Pwani

Umetaja petroli, naomba tuongelee chombo cha kuibebea, maana hapo pana somo zuri.

Waingereza walianza vita jangwani Libya na Misri wakitumia debe. Ndiyo, debe hilihili tunalolijua, la galoni nne, lita 18, bati jembamba lenye maungio ya kulehemu kwa risasi. Kwenye stoo halina tatizo. Lipakie kwenye lori, lipige kilomita mia mbili za mawe, maungio yanaachia. Sehemu kubwa ya petroli ilivuja njiani, na mvuke wake ndani ya lori au meli ni hatari ya moto.

Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lililosanifiwa miaka ya 1930. Tazama jinsi lilivyofikiriwa. Vipande viwili tu vya bati zito vimekandamizwa kwa mashine, vikaunganishwa kwa mchomeleo mmoja unaozunguka, nao umezamishwa ndani ili usigongwe. Mbavuni kuna alama kama herufi X inayoruhusu bati kutanuka kwa joto bila kupasuka. Mikono mitatu juu: mtu mmoja anashika wa katikati, watu wawili wanashika ya pembeni, na mtu mmoja anaweza kubeba madumu mawili matupu kwa kila mkono. Nafasi ya hewa huachwa juu, kwa hiyo dumu likianguka baharini linaelea. Mdomo una mfuniko wa mkono wa kubana, haupotei wala hautaki spana, na ndani kuna kibomba cha hewa ili petroli itoke bila kugugumia.

Waingereza walinakili kila kitu. Wamarekani walichukua umbo wakabadilisha utekelezaji: maungio ya kukunja badala ya kuchomelea, mfuniko wa kuzungusha kwa spana, kumimina kwa faneli. Lao likavuja mapema kuliko la Kijerumani. Hata hivyo lilitengenezwa kwa mamilioni na lilipangika vizuri ndani ya lori. Kikwazo cha mwaka 1944 kikawa madumu kutupwa. Askari akijaza tangi alilitupa shambani, na mamilioni yakazagaa Ufaransa huku depo zikiwa na petroli lakini hazina chombo cha kuipeleka.

Chuma Moto

Mimi ni wa karakana za kuchomelea, niruhusuni niongelee meli. Lori, dumu na Jeep vyote vilitakiwa kuvuka bahari kwanza.

Meli za mizigo za Liberty zilijengwa 2,710 kati ya 1941 na 1945. Urefu mita 134, mzigo zaidi ya tani 10,000, vyumba vitano vya shehena. Meli moja iliweza kubeba Jeep 2,840 au vifaru 440. Ya kwanza, Patrick Henry, ilishushwa majini Baltimore tarehe 27 Septemba 1941. Mchoro wa msingi ulikuwa wa Kiingereza. Injini ilikuwa ya mvuke ya silinda tatu, teknolojia ya karne ya 19, nguvu farasi 2,500, mwendo wa fundo 11. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa: mitambo ya tabo na dizeli ilihitajika kwenye manowari, na injini ya mvuke ya aina ile iliweza kutengenezwa na viwanda vingi na kuendeshwa na mabaharia waliofunzwa haraka.

Siri ya kasi ni vipande. Sehemu nzima za meli zilijengwa pembeni, zikageuzwa ili mchomeleaji afanye kazi akiinama chini badala ya kuelekea juu, kisha winchi ikazileta kwenye njia ya ujenzi. Kupiga ribiti, yaani kuunganisha mabamba kwa misumari ya chuma inayopondwa kichwa, kunataka kikosi cha watu wenye ujuzi wa miaka. Kuchomelea mshono ulionyooka kunafundishika kwa wiki chache, na wanawake wengi waliingia kazini hivyo. Mwanzoni meli moja ilichukua siku 230 hivi, baadaye wastani ukashuka hadi siku 42. Novemba 1942, Robert E. Peary iliunganishwa ikashushwa majini kwa siku 4 na saa 15 kwenye karakana ya Henry Kaiser, Richmond, California. Hiyo ilikuwa maonyesho, vipande vilikuwa tayari vimeandaliwa. Wastani wa siku 42 ndio wa kutazama.

Sasa tatizo. Meli zilianza kupasuka. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, ya aina ya T2, ilivunjika katikati ikiwa imefungwa gatini Portland, maji yametulia, hali ya hewa baridi. Liberty kadhaa zilikatika vipande viwili baharini, hasa kaskazini. Lawama ya kwanza iliwaangukia wachomeleaji, na kweli kulikuwa na mishono mibaya. Lakini chanzo kilikuwa mambo matatu yanayokutana. Chuma cha wakati ule kilipoteza unyumbufu kwenye baridi kikavunjika kama kioo. Hili lilidhihirishwa na utafiti wa Constance Tipper kule Cambridge. Pembe za milango ya shehena zilikuwa za mraba, na kwenye pembe kali nguvu yote hujikusanya. Na kwenye meli ya ribiti ufa ukifika ukingo wa bamba unakoma, ilhali meli ya kuchomelea ni bamba moja, ufa unakimbia kuzunguka bodi yote.

Marekebisho: pembe za milango zikaviringwa, mikanda ya chuma ikapigwa ribiti kwa urefu wa meli ili ufa ukutane na mwanya wa kuusimamisha, na mpangilio wa kuchomelea ukabadilishwa ili mshono usipoe ukiwa umevutwa pande zote. Mchomeleaji wa leo anayefunga fremu ya lori kuanzia pembeni kwenda katikati anatengeneza mvutano uleule.

Mwalimu wa Zamu

Naheshimu michango, ila niweke uzito upande wa pili. Sehemu kubwa ya askari wa Ujerumani waliouawa waliuawa na Jeshi Jekundu. Tukisema "Marekani ilishinda" bila Urusi, historia imepinda.

Lakini hata hapo malori yanaonekana. Kupitia mpango wa kukopesha silaha, Marekani iliipelekea Urusi zaidi ya magari 400,000, malori na Jeep, pamoja na injini za treni karibu 2,000. Lori lililopendwa kule ni Studebaker US6, lenye injini ya Hercules ya lita 5.2. Warusi walifunga juu yake mitambo ya roketi za Katyusha. Sehemu ya magari ilipita Iran: yalifika bandari za Ghuba yakiwa vipande ndani ya masanduku, yakaunganishwa viwandani Khorramshahr na Andimeshk, kisha yakaendeshwa kaskazini yakiwa yamebeba mzigo. Sanduku linapunguza nafasi melini, na gari linafika kazini siku linapozaliwa. Kiwanda cha Kirusi kilichoondolewa kazi ya kutengeneza malori kilitengeneza vifaru.

Nyambizi

Mwalimu kasema kweli. Nami niongeze upande wa Pasifiki, na nianze na kifaa kilichokuwa kibovu, maana ni vizuri tusidhani kila cha Marekani kilifanya kazi.

Topido ya Mark 14, silaha ya nyambizi inayokwenda chini ya maji, iliingia vitani na kasoro tatu zilizofichana. Ya kwanza, ilikwenda kina cha mita 3 hivi chini ya ulichopanga, ikapita chini ya meli. Sababu: majaribio yalifanywa na kichwa chepesi kuliko kile chenye baruti, na kipimo cha kina kiliwekwa mahali ambapo mkondo wa maji ulikidanganya. Waliitambua Juni 1942 kule Albany, Australia, kwa kufyatua topido kupitia wavu wa wavuvi na kupima tundu. Ya pili, kilipuzi cha sumaku kililipuka mapema au hakikulipuka kabisa. Ya tatu ndiyo iliyofichwa na hizo mbili: kilipuzi cha kugonga kilishindwa pale topido ilipogonga sawasawa, nyuzi 90. Mshtuko ulipinda reli za pini, pini ikakwama kabla ya kufika kwenye fataki. Ukigonga kwa upande ilifanya kazi. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilifyatua topido 15 kwa meli kubwa ya Kijapani Tonan Maru Na. 3, 11 ziligoma.

Admirali Lockwood akaamuru topido zisizo na baruti zidondoshwe kutoka kwenye winchi juu ya bamba la chuma huko Hawaii, zikapatikana zinazogoma nyingi kuliko zinazokubali. Pini nyepesi ya aloi ya alumini ikamaliza kazi. Katika vita vyote nyambizi, ambazo mabaharia wake hawakufika asilimia 2 ya jeshi la majini, zilizamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara za Japani. Japani ikakosa mafuta, bauksiti na mchele. Ofisi ya silaha ilikataa malalamiko ya manahodha kwa karibu miaka miwili, na hilo ndilo kosa lililogharimu zaidi ya pini yenyewe.

Mawimbi

Kwa upande wa ufundi wa umeme, mimi naweka juu fyuzi ya ukaribu, yaani kilipuzi cha risasi ya mzinga kinachojilipua kikikaribia ndege. Zamani risasi ya mzinga dhidi ya ndege ililipuka kwa saa: unakadiria sekunde, ukikosea kidogo ndege imepita. Timu ya Merle Tuve ilitia redio ndogo kwenye ncha ya risasi. Inarusha mawimbi, yakirudi kutoka kwenye ndege kwa nguvu ya kutosha inalipua.

Ugumu ni kwamba kitu hicho kinapigwa na mzinga kwa mshtuko wa mara 20,000 ya mvutano wa dunia. Vali za kioo za redio zilitokana na zile ndogo za visaidizi vya kusikia, zikaimarishwa. Betri ndiyo kazi nzuri kuliko zote. Betri kavu ziliharibika haraka stoo kwenye joto la tropiki, hivyo wakaweka asidi ndani ya kichupa cha kioo: mzinga ukilia kichupa kinavunjika, mzunguko wa risasi unaisambaza asidi kwenye mabamba, umeme unazaliwa hewani. Kabla ya hapo fyuzi haina uhai, kwa hiyo hailipuki mikononi. Manowari Helena iliitumia kwa mara ya kwanza vitani tarehe 5 Januari 1943. Kwa muda mrefu ilikatazwa kutumika mahali ambapo isiyolipuka ingeweza kuokotwa na Wajerumani. Ruhusa ya mizinga ya nchi kavu Ulaya ilikuja Desemba 1944. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 20.

Binti Pareto

Kuna adui aliyewalaza askari wengi kuliko Wajapani kule Guadalcanal na New Guinea: malaria. Na hapa Afrika Mashariki imo ndani.

Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, kwinini ikakatika. Wamarekani wakageukia Atabrini, kidonge cha miligramu 100 kila siku. Kinafanya ngozi iwe ya njano na ni kichungu, askari wakawa wanakitema. Dawa haikushindwa, usimamizi ndio ulioshindwa, mpaka maafisa waliposimama kwenye foleni ya chakula kuhakikisha kimemezwa.

Kwa mbu wenyewe, kabla DDT haijaenea, silaha ilikuwa pareto. Japani ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu kabla ya vita, ikawa adui, na Kenya ikawa tegemeo la Washirika. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walitengeneza mtungi mdogo wa chuma wenye gesi ya Freoni, dondoo la pareto na mafuta ya ufuta. Ufuta haukuwekwa kwa ajili ya kulainisha: ndani yake kuna kiungo kinachoongeza makali ya pareto, hivyo maua kidogo yaliua wadudu wengi. Unafungua kizibo ndani ya hema au ndege, ukungu unaelea. Makopo yote ya dawa ya kupuliza tunayonunua dukani leo yametokana na mtungi huo. Vivyo hivyo, kamba za Manila zilipopotea na Ufilipino, mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya vita.

Mtoto wa Katanga

Dada umefungua mlango, niingie. Bomu la atomiki alilolisogeza pembeni mleta uzi nalo lina shina letu. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ulikuwa na madini ya urani yenye kiwango cha hadi asilimia 65, ambapo kwingine asilimia moja ilionekana nzuri. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, zikakaa ghalani. Septemba 1942 Kanali Nichols wa mradi wa bomu wa Marekani alipokwenda kuulizia, mzigo ulikuwa tayari upo mjini. Kisha mgodi uliokuwa umejaa maji ukafunguliwa upya. Wachimbaji waliobeba mawe hayo hawakuambiwa ni nini wala hatari yake, na majina yao hayamo kwenye historia nyingi za mradi ule.

Fundi Gereji

Asanteni wakuu. Nimalizie tairi, kwa kuwa nilizigusa nikaziacha.

Mapema 1942 Japani ilishika Malaya na visiwa vya Kidachi (Indonesia ya leo), yaani asilimia 90 hivi ya mpira wa asili duniani. Marekani ilipunguza mwendo wa magari ya raia hadi kilomita 56 kwa saa na kugawa petroli kwa kadi, na lengo kuu la kadi hizo lilikuwa kuokoa tairi. Kisha ikajenga viwanda vya mpira wa kutengeneza: sehemu 75 za kemikali ya butadini na 25 za stirini, vinakorogwa ndani ya maji ya sabuni kwenye joto la nyuzi 50 pamoja na kichocheo, mpaka yanakuwa maziwa, yanagandishwa, yanaoshwa na kukaushwa. Butadini ilitoka kwenye petroli au kwenye pombe ya nafaka. Kufikia 1945 walizalisha zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka.

Kwa gari ndogo ulitosha. Kwa lori zito ulileta shida: tairi ikijikunja ilijizalishia joto jingi kuliko mpira wa asili, tabaka zikaachana ukutani, hasa dereva akizidisha mzigo au akienda na upepo pungufu. Kwa hiyo akiba ya mpira wa asili ilielekezwa kwenye tairi kubwa za malori na za ndege. Anayetaka kujua kwa nini tairi za lori mpaka leo zina mpira wa asili mwingi kuliko za gari dogo, sababu ni hilohilo joto.